Miezi Sita na Siku Kumi na Tisa

Nilikuwa mbunge kwa miezi sita na siku kumi na tisa. Mgeni akisikia hivyo hudhani niliugua au nilifukuzwa kwa kosa. Hapa kwetu Kuwait hakuna anayeuliza. Bunge huchaguliwa likae miaka minne, lakini mtawala akiona wabunge na mawaziri wamekabana makoo, hulivunja kwa amri ya karatasi moja, na sote tunarudi kwa wananchi kuomba kura upya. Barazani kwetu wanaume wakibishana mtoto wa nani alizaliwa lini, utamsikia mmoja akisema, "Huyo ni wa lile bunge la mwaka mmoja," na mwingine, "Hapana, ni wa lile lililokufa kabla ya Ramadhani." Bunge lililofikisha miaka yake yote minne huzungumzwa kama mvua kubwa ya zamani.

Haya yote niliyajua kabla sijagombea. Nilifundisha jiografia katika mji wa Jahra miaka ishirini na sita, na kila bunge lilipovunjwa nilikuwa darasani, nikiwanyamazisha wanafunzi waliokuwa wakishangilia. Kwa hiyo sina cha kujitetea.

Aliyeniingiza katika siasa ni mdogo wangu Sabika. Sabika aliolewa na Mutlaq, mtu mkimya aliyekuwa dereva wa magari ya jeshi hadi ulipokuja uvamizi wa Wairaki. Mutlaq ni bidun, yaani mtu asiye na uraia. Alizaliwa humu, baba yake alichunga ngamia humu, lakini siku majina yalipoandikwa wazee wake walikuwa malishoni, na majina hayakuandikwa. Kwetu uraia hupita kwa baba. Hivyo Sabika ni raia kama mimi, na binti yao wa pekee, Anfal, si raia wa mahali popote duniani.

Anfal alikuwa na akili zilizonitisha mimi mwalimu. Alipokuwa na miaka kumi alinisahihisha juu ya urefu wa mto Furati, nikaenda kutazama kitabuni, nikakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alisomea kazi ya maabara katika chuo cha binafsi, akamaliza wa kwanza, kisha akakaa nyumbani, kwa kuwa kila hospitali aliyokwenda ilitaka kadi ya uraia.

Ijumaa moja baada ya chakula, mwaka niliostaafu, Sabika alinimiminia chai akakaa mbele yangu.

"Kaka, gombea ubunge."

"Mimi? Nani atanipigia kura?"

"Nusu ya wanaume wa Jahra umewachapa viboko."

"Sijawahi kumchapa mwanafunzi hata mmoja."

"Basi umewatisha, ni yale yale. Wanakujua. Na wake zao mimi ninawajua." Aliacha kucheka. "Sitaki ukaniletee barabara wala taa. Nataka sheria moja tu. Mtoto aliyezaliwa na mama raia apewe karatasi ya kudumu. Asome, afanye kazi, asafiri na arudi. Hiyo tu, kisha ukitaka ulale bungeni."

Mutlaq alikuwa amekaa kando akimenya chungwa. Hakuinua uso. Ila niliona kisu kimesimama.

Nikakubali. Binamu yangu Duaij, mtu wa maneno mengi, akasimamia hema la kampeni la wanaume. Jioni ya kwanza kabisa mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, ukifika huko utawaonyesha Jahra iko wapi kwenye ramani? Maana naona mawaziri hawajui." Hema zima likacheka, nami nikajua nimepata kura yake. Lakini ushindi haukutoka katika hema letu. Sabika alizunguka nyumba kwa nyumba wiki tatu, akiwa na birika la kahawa na sahani ya tende zilizokaangwa kwa unga na samli, hata sauti ikamkauka akawa anazungumza kwa mikono. Kuna bibi aliyeniambia baadaye, "Dada yako alikuja kwangu mara nne. Mara ya nne nilimwambia, mama, nitampigia huyo kaka yako, ila uniache nisali."

Nilipita kwa kura mia mbili na kumi na nne. Duaij alinibeba begani kama mtoto, na mgongo ukamuuma mwezi mzima.

Siku ya kiapo, Anfal alinisaidia kufunga ukanda wa joho. Alisema, "Mjomba, usiwaangalie wapiga picha. Wabunge wapya wote huwaangalia, wanaonekana kama bwana harusi."

Niliwaangalia.

Mswada ulikuwa tayari tangu wiki ya kwanza. Uliandikwa na wakili rafiki yangu, kurasa tatu tu, kwa lugha safi. Ili uwasilishwe, sahihi ya mbunge mmoja inatosha. Hilo ninalisema wazi, kwa sababu ndipo penye kisa chote. Sahihi moja inatosha, na mimi nilikuwa na kalamu. Lakini nilitaka tano, idadi ya juu inayoruhusiwa, ili mswada wangu uingie na heshima yake. Nikapata ya pili, ya tatu na ya nne, na ya tano nikaitaka ya Dhari.

Dhari, ambaye wote tulimwita Abu Nawaf kwa jina la mwanawe, kama mimi nilivyoitwa Abu Talal, alikuwa amekaa katika mabunge sita. Alikuwa na ndevu zilizochanwa vizuri na tabia ya kukushika kiwiko anapozungumza nawe, ukajiona umeteuliwa. Alisoma kurasa zangu tatu akiwa amesimama ukumbini, akazikunja, akanirudishia.

"Maneno mazuri, Abu Talal. Lakini mbona una haraka?"

"Nimeahidi."

"Sote tumeahidi. Nisikilize mimi niliyekutangulia. Mambo ya uraia ni moto. Ukiyagusa mwaka wa kwanza, utaitwa mbunge wa mabidun, na hakuna mlango wa waziri utakaofunguka. Kaa kwanza. Jina lako lijulikane. Una miaka minne mbele yako. Mwaka wa pili uje kwangu, nitatia sahihi kabla hujakaa."

Miaka minne! Mtu aliyeona mabunge sita, na pengine mawili tu kati ya hayo ndiyo yaliyozeeka, aliniambia nina miaka minne, nami nikamwamini. Nadhani nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilikuwa nimeanza kupenda kusalimiwa.

Mwezi wa Februari Anfal alipata barua. Chuo kimoja cha Ayalandi kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea udaktari, na ufadhili juu yake. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa Machi. Alinijia barazani kwa mlango wa nyuma, wageni wakiwa wameondoka, akanipa barua niisome. Niliisoma mara mbili nikimpongeza, kisha nikamwona hafurahi.

"Nitasafiri kwa hati ya muda," alisema. "Ile wanayompa mwenye barua ya masomo. Ya kutokea wanakupa. Ya kurudia, hakuna anayejua. Mtoto wa jirani yetu ana miaka saba Uingereza, mama yake amekufa hakuja kumzika."

"Basi usitoke nayo."

"Na nafasi je?"

"Nafasi zitakuja nyingine, mwanangu. Wewe una akili, vyuo haviishi. Subiri mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, sheria ipite, utoke kwa hati ya heshima na urudi kila kiangazi ule kwa mama yako."

Aliikunja barua. "Mjomba, mswada umeshauwasilisha?"

"Unakamilishwa," nikasema.

Lilikuwa jibu la mbunge. Alinibusu paji la uso akaenda, na wiki ile akawaandikia wale wa Ayalandi kwamba hatakuja.

Jumanne iliyofuata nilikuwa naelekea ukumbini. Kulikuwa na waziri anayehojiwa siku hiyo, kamera zimejaa hadi ngazini, na jina langu lilikuwa katika orodha ya wasemaji, dakika kumi kamili. Karani wa kamati ya sheria, mwanamke mwerevu aitwaye Ghusun, alinikimbilia na faili kifuani.

"Mheshimiwa, ule mswada wako wa watoto wa kina mama. Unao?"

"Ninao kwenye mkoba."

"Nipe sasa hivi. Kamati inakaa saa tano, ajenda imebaki tupu kwa sababu wote wamekimbilia huku kwenye mahojiano. Mwenyekiti amesema ukiletwa leo anauingiza, na kabla ya Ramadhani unaweza kufika ukumbini."

"Mswada una sahihi nne tu."

"Hata moja inatosha. Wewe unajua."

"Abu Nawaf ameniahidi ya tano."

"Mheshimiwa," alisema, na nakumbuka alishusha sauti kama anayezungumza na mgonjwa, "nimefanya kazi humu miaka kumi na tano. Ukiwa na kitu mkononi, kitoe."

Ndani kengele ililia. Jina langu lilikuwa la tatu. Nilimwambia, "Wiki ijayo, Ghusun. Mungu akipenda wiki ijayo tutakaa vizuri," nikaingia ukumbini.

Nilizungumza dakika kumi na mbili, na spika hakunikata. Nilimwambia waziri kwamba mwanafunzi wangu wa darasa la saba angesimamia wizara ile vizuri zaidi, na ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Siku ile kila baraza la Jahra lilirudia maneno hayo. Duaij alinipigia simu akilia kwa kucheka. Sabika naye alipiga. Alinipongeza, kisha akasema, "Na letu?" Nikamwambia, "Liko njiani."

Wiki iliyofuata mkutano uliahirishwa kwa sababu waziri alijiuzulu. Iliyofuata, mawaziri wote hawakuja. Kisha ikaja Ramadhani, na baada ya Idi akatafutwa waziri mwingine wa kuhojiwa. Nami nilikuwa nimekuwa msemaji mzuri, kila orodha walitaka jina langu. Mswada ulikaa kwenye mkoba. Kwa kweli kuna wiki nzima nzima ambazo sikuukumbuka.

Amri ilisomwa asubuhi moja ya Juni, joto lishaanza kuchoma. Nilikuwa kwa kinyozi, uso umejaa povu, televisheni ikiwa juu ya kioo. Msomaji wa habari alisoma majina ya vifungu vya katiba, kisha neno lenyewe: limevunjwa. Kinyozi, Mmisri aliyeninyoa miaka mingi, alisimama na wembe mkononi.

"Hilo ndilo lenu, ustaadhi?"

"Ndilo letu."

Alifikiri kidogo. "Basi nimalize upande huu," akasema.

Nikaendesha gari hadi mjini. Langoni askari aliyekuwa akinipigia saluti kila siku alinijia mbele akiwa ameinamisha macho. "Abu Talal, samahani sana. Lango hili leo… pitia lile la wageni." Hakuwa na dharau, maskini, hata aliniegeshea gari mwenyewe. Ofisini nilimkuta Ghusun akiweka vitu vyangu katika boksi la karatasi za mashine: vitabu, picha ya kiapo, birika. Mswada ulikuwa kwenye mkoba wangu. Sijui kwa nini niliutoa nikamwonyesha.

"Hakuna la kufanya?"

Alizitazama zile sahihi nne. "Jana zilikuwa za wabunge," alisema. "Leo ni majina ya watu." Kisha, kwa upole, "Ungekuwa kwenye kamati, nao ungekufa pamoja na vingine vyote, Mwalimu. Usijiue."

Lakini mimi na yeye tulikuwa tumehesabu. Kutoka Jumanne ile ya Februari hadi siku ile kulikuwa na vikao kumi na kimoja. Miswada miwili midogo kuliko wangu ilikuwa imepita. Mmoja ulihusu leseni za boti za kuvulia.

Sabika nilimkuta jikoni, amefungua redio. Hakulia. Alisema, "Wametuvunjia nyumba kabla hatujaezeka," akaanza kuwalaani waliomshauri mtawala, kwa majina, mmoja mmoja. Mutlaq alinishika bega akapita kwenda uani. Anfal alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mjomba, ulikuwa umefika wapi?"

"Kamati," nikasema. "Ulikuwa unakaribia kamati."

Miezi miwili baadaye tulipiga kura tena. Nilisimamisha hema pale pale. Sabika alikuja upande wa wanawake kila jioni, akamimina kahawa, akapanga viti, lakini hakwenda kwenye nyumba hata moja, na hakusimama kusema. Nilianguka kwa zaidi ya kura elfu moja. Duaij alilaumu joto, akalaumu kabila la pili, akalaumu watu waliokuwa safarini. Abu Nawaf alirudi bungeni, bunge lake la saba. Alinipigia simu kunipa pole. "Ungekuwa umejenga jina zaidi kidogo," alisema, nami nikamshukuru, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa.

Uongo wangu kwa Anfal ulinikaa kooni hadi majira ya baridi. Siku moja nilikwenda kwa Sabika kwa makusudi nikamweleza yote: kuhusu sahihi moja inayotosha, Ghusun na faili lake, kengele, na zile dakika kumi na mbili. Alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Aliendelea kuchambua hadi nikamaliza.

"Kwa nini unaniambia?"

"Nilitaka ujue."

"Mimi nilikuwa nimeshampata wa kumlaumu," alisema. "Nilimlaumu nikalala. Sasa umenipa kazi nyingine, Shamlan, na ni kubwa kuliko ile."

Hakuwahi kuniita kwa jina tangu utotoni. Daima nilikuwa kaka.

Hakunikataza nyumba yake. Ile sahani ya wali na samaki aliyozoea kuniletea kila Ijumaa iliendelea kuja, imefunikwa kwa kitambaa, ila aliyeileta alikuwa jirani, si yeye. Anfal naye aliwaandikia tena Ayalandi. Walimjibu kwa adabu kwamba nafasi ile alipewa mwingine na ufadhili umefungwa. Aliandika kwingine, na kwingine. Bunge jipya nalo lilivunjwa kabla ya kutimiza mwaka. Mbunge mmoja kijana alikuwa amewasilisha mswada unaofanana na wangu, siku ya tatu tu baada ya kiapo. Ulifika kusomwa mara ya kwanza. Nilimtazama kwenye televisheni, na nikazima.

Miaka miwili baada ya hapo Anfal aliondoka. Jamaa wa baba yake aliyeko Uswidi alimpatia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Alitoka kwa hati ile ile ya kutokea tu, ile niliyomwambia asitoke nayo, safari hii bila chuo na bila ufadhili. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Mutlaq hakuja uwanja wa ndege. Alimwombea binti yake mlangoni, akambusu mikono yote miwili, akaingia ndani akafunga. Mimi ndiye niliyeendesha. Sabika alikaa mbele, Anfal nyuma na begi miguuni, kwa sababu buti ilijaa vitu ambavyo mama yake alidhani Uswidi havipo: ndimu kavu, viungo, hata sabuni.

Kwenye foleni ya mizigo nilimvuta kando. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa wiki nzima.

"Anfal, siku ile uliponiuliza kama nimeuwasilisha…"

"Najua, mjomba."

"Mama yako alikuambia?"

"Hapana. Nilijua pale pale. Nilitazama uso wako." Alirekebisha kamba ya begi begani. "Nilikuwa na wiki nne za kuamua. Ningeweza kwenda. Na mimi nilikuwa nataka kubaki, mjomba, nikatumia neno lako. Usilibebe lote peke yako."

Hata hilo alinipunguzia, naye ndiye anayeondoka. Nilitamani angenitukana. Alinibusu paji la uso kama siku ile barazani, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu hadi mtu wa nyuma akasogeza begi lake kuwapita. Kisha akapita kwenye mlango wa kioo, na hakugeuka. Sabika aliendelea kupunga mkono baada ya mlango kufungwa.

Tulirudi kwenye gari. Nilimfungulia mlango wa mbele, lakini alikwenda nyuma, akakaa pale alipokuwa amekaa Anfal, akaweka mkono juu ya kiti. Nikaendesha. Vumbi lilikuwa limeanza kupanda barabarani, na magari yaliwasha taa mchana. Tulipokaribia Jahra nilisikia sauti yake.

"Simama kwenye duka la ushirika."

"Unataka nini, nikuletee?"

"Nyanya na vitunguu. Mutlaq hajala tangu jana."

"Kaa, nitashuka mimi."

"Nitachagua mwenyewe," alisema, akafungua mlango kabla gari halijasimama vizuri.

Nilimwona akivuka eneo la maegesho, ameshika abaya yake upepo usiichukue, mwanamke mfupi aliyenizungukia nyumba za Jahra nzima. Alikaa ndani muda mrefu. Aliporudi alikuwa na mifuko miwili, macho yamevimba, na alikaa tena nyuma.